Kuisaidia shule ya serikali mtaani kwako, Dodoma mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye mikutano ya wazazi, vijiwe vya bodaboda, foleni za maji na simu za jamaa walioko mbali, kwa miaka niliyokaa kwenye kamati ya shule moja ya msingi ya serikali pembezoni mwa jiji. Majibu yanazihusu zaidi shule za msingi za mitaa iliyojaa watu kabla haijapimwa, kama ile ya Chang'ombe, ingawa mengi yanafaa hata kwa sekondari za kata. Nimeyapa namba ili nikuelekeze kwenye jibu lingine badala ya kurudia.

## Mambo ya kuanzia

1. Elimu si ni bure? Mbona shule bado inahitaji msaada?

Kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulianza kufanya kazi Januari 2016, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Kidato cha tano na cha sita vikafuata mwaka wa fedha 2022/23. Serikali inalipa mishahara ya walimu, inaleta vitabu, inagharamia mitihani ya taifa na inatuma ruzuku ya kuendesha shule. Mzazi amebaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto anayesoma kutwa.

Sasa tuiangalie hiyo ruzuku, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huelewa. Kwa shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hununulia vitabu kwa pamoja huko juu, na 6,000 ndizo zinazokuja shuleni. Shule yenye watoto 1,200 inapata milioni 7.2 kwa mwaka, yaani laki sita kwa mwezi, au shilingi 500 kwa kila mtoto. Humo zitoke chaki, rimu za karatasi, mitihani ya majaribio, kitasa kilichovunjika, mipira na ankara ya maji. Sisemi hivi kuilaumu serikali. Nasema ili ujue kwamba mwalimu mkuu anayekuambia "hatuna karatasi" hakudanganyi.

2. Kwa nini shule za huku kwetu zimefurika namna hii?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati hapo serikali ilihamia Dodoma kuanzia 2016, na mji ukatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Waliokuja na ajira za ofisini walipata viwanja vilivyopimwa, na wengi wao watoto wao wako shule za kulipia. Waliofuata ujenzi, mama lishe, mafundi, vibarua na wauza mitumba, walipanga vyumba kwenye mitaa ya zamani yenye kodi nafuu. Watoto wao wote wanaingia geti moja: la shule ya serikali iliyo karibu.

Kipimo kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa. Mimi nimesimama mlangoni mwa darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia moja, mwalimu mmoja, na wa mbele wamekaa karibu na ubao kiasi kwamba hawauoni wote.

Na kuna wimbi linakuja. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafanya elimu ya msingi kuwa miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza darasa la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja mwaka 2028. Kama unafikiria kusaidia sekondari ya kata yako, huo ndio mwaka wa kuuwekea alama.

3. Mimi sina mtoto pale. Nina haki ya kuingilia?

Unayo, na huhitaji kuitwa. Shule ni ya jamii inayoizunguka, na Kamati ya Shule ina wajumbe kutoka kwenye jamii hiyo pamoja na walimu. Mwalimu mkuu ndiye katibu, mwenyekiti ni mtu wa nje ya ualimu. Ila neno "kuingilia" liache nyumbani. Unakwenda kama jirani anayebisha hodi.

4. Nianzie wapi hasa?

Kwa mwalimu mkuu, uso kwa uso, siku ambayo si ya mtihani wala ya kufungua shule. Usiende na jibu mfukoni. Muulize maswali mawili: "Mwezi huu kitu gani kimekwamisha kazi?" na "Mpango wa shule wa mwaka huu unasemaje?" Shule ina mpango wake wa maendeleo uliopitishwa na kamati, na mara nyingi unachotaka kukitoa kimo humo tayari, au hakimo kwa sababu nzuri ambayo hukuifikiria.

Baada ya hapo omba kukutana na mwenyekiti wa kamati. Mtendaji wa mtaa na Afisa Elimu Kata wajulishwe. Kwa madaftari ishirini taarifa ya mdomo inatosha, lakini kwa ujenzi au kiasi kikubwa cha fedha barua ni lazima, na nakala ifike kwa Mkurugenzi wa Jiji.

Nimeona misaada mizuri ikioza kwa kuruka hatua hii. Shule moja ililetewa madawati makubwa ya sekondari, watoto wa darasa la pili wakawa wananing'iniza miguu na kuandika kwa kunyoosha shingo. Aliyeyaleta alikuwa na moyo safi kabisa. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuuliza.

## Fedha na vifaa

5. Naweza kumpa mwalimu mkuu fedha mkononi?

Usifanye hivyo, hata kama mnaaminiana. Walimu wamezuiwa kukusanya michango, na ukimpa fedha mkononi unamweka mahali pabaya yeye, wala si wewe. Njia salama ni tatu. Weka kwenye akaunti ya benki ya shule na upeleke stakabadhi ya benki ili upewe risiti. Nunua kitu chenyewe na ukikabidhi mbele ya mjumbe wa kamati, kikaandikwa kwenye leja ya vifaa. Au kwa jambo kubwa, pitia ofisi ya Mkurugenzi.

Omba pia mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule. Ni utaratibu wa kawaida, na shule nyingi hufurahi ukikumbusha, maana unawaondolea maneno ya mtaani.

6. Mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu sijatoa mchango. Ni sawa?

Si sawa. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za serikali, na msimamo kwamba mtoto asifukuzwe kwa sababu ya mchango haujabadilika. Wazazi wanaweza kukubaliana kuchangia kwa hiari, kikao kikakaa na muhtasari ukaandikwa, lakini anayeshindwa hajatenda kosa, na mtoto wake hahusiki kabisa na makubaliano hayo.

Mpeleke mtoto shuleni kesho yake, uongee na mwalimu mkuu kwa utulivu. Ikishindikana nenda kwa Afisa Elimu Kata. Na kama wewe ni mmoja wa wanaopanga michango, soma hapa vizuri: siku mtoto wa mama anayeosha nguo za watu atakapokaa nyumbani kwa ajili ya mchango mlioupanga, mchango huo umeshaacha kuwa msaada.

7. Nina shilingi laki moja tu. Itasaidia nini?

Itasaidia sana ikienda kwenye vitu vinavyoisha. Watu hupenda kutoa kitu kinachoonekana na kupigwa picha, wakati shule inakwama kwa vitu vidogo: rimu za karatasi za mitihani ya wiki, chaki, wino wa mashine ya kudurufu, bawaba za milango ya vyoo, sabuni, ndoo za kunawia zenye koki, balbu za darasa la saba wanaobaki jioni. Mwombe mwalimu wa taaluma akuandikie orodha ya vitu vitano vilivyoisha. Chukua kimoja.

Kama unaweza, igawanye laki hiyo iwe elfu kumi kila mwezi kwa miezi kumi. Mwalimu anayejua kwamba kila mwezi rimu itakuja anapanga mitihani yake. Aliyepewa kumi kwa siku moja atazigawa, nusu zitaazimwa, na Agosti atarudi kulekule.

8. Nina vitabu vya watoto wangu wa zamani. Nivilete?

Vya hadithi, ndiyo, hata kama vimechakaa kidogo. Vya kiada, angalia kwanza. Tangu 2024 mtaala mpya umekuwa ukiingia darasa kwa darasa, na vitabu rasmi huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kitabu cha mtaala wa zamani kinaweza kumchanganya mtoto. Uliza ni toleo lipi linatumika darasa gani kabla hujabeba boksi.

Vinavyohitajika kuliko vyote ni hadithi fupi za Kiswahili zenye picha na maandishi makubwa kwa madarasa ya kwanza hadi la tatu. Uvilete pamoja na kabati au sanduku lenye kufuli, la sivyo vumbi la Septemba na panya watavimaliza.

9. Tunataka kujenga darasa. Tunaanzaje?

Kwanza tazama kama kuna boma lililoishia kwenye lenta. Mitaa mingi ina boma la namna hiyo, wananchi walipandisha kuta kwa msaragambo kisha nguvu zikaisha. Kulimalizia ni haraka kuliko kuanza msingi mpya, na inawarudishia moyo wale waliobeba tofali.

Kwa kukadiria ukubwa wa kazi: mwaka 2021 fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchini, hesabu ilikuwa shilingi milioni 20 kwa chumba kimoja. Bei za saruji, nondo na bati zimepanda tangu hapo. Kwa hiyo kama kundi lenu lina milioni tatu, msichimbe msingi wa darasa. Ongeeni na mhandisi wa jiji kuhusu kumalizia, kupaua, kusakafia au kutengeneza madirisha. Ramani na usimamizi ni vya halmashauri, na jengo lililojengwa bila mhandisi linaweza kukataliwa kutumika.

Wananchi wasio na fedha wana mchanga, kokoto, maji ya kumwagilia zege na mikono. Andikeni thamani yake kwenye daftari kama mnavyoandika fedha. Mzee aliyesomba mchanga kwa mkokoteni wake siku tatu anastahili jina lake lisomwe kwenye mkutano sawasawa na aliyetoa laki.

10. Je, nguo na viatu?

Vinapokelewa, lakini sare ni bora. Nunua kwa fundi wa mtaani kwa vipimo, ili fedha nayo ibaki hapahapa. Majina ya watoto wanaohitaji wanayajua walimu wa darasa. Usiwapange mstarini mbele ya wenzao kuwagawia. Mwalimu awaite mmojammoja ofisini, au apewe mzazi.

## Chakula, maji na vyoo

11. Tunawezaje kuanzisha uji au chakula cha mchana shuleni, na tukidumu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ndilo ambalo ningependa kila mtu alianze nalo. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kitu tumboni, ikifika saa nne haoni ubao. Wazazi wanafanya vibarua, hakuna mtu nyumbani wa kumpikia mchana, na wengine hawarudi darasani baada ya mapumziko. Siku ya uji mahudhurio yanajionyesha kwenye daftari la mwalimu, huhitaji mtaalamu wa kukuhesabia.

Chakula cha shule kinategemea makubaliano ya wazazi, kwa hiyo kinaanzia kwenye mkutano wao. Sisi tulikosea mara ya kwanza. Tuliweka mchango Januari, shule inafunguliwa. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia karibu na Desemba hadi Aprili, na Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo ghala ni tupu na debe la mahindi lina bei ya juu kuliko wakati wote. Mzazi huyohuyo kanunua sare na madaftari. Chini ya nusu walitoa, uji ukakata Februari. Mwaka uliofuata tukahamishia Juni na Julai, baada ya mavuno. Wenye mashamba Hombolo, Bahi au Chamwino walileta mahindi, uwele na mtama, na wasiolima walitoa kidogokidogo kila wiki kulingana na kipato chao cha siku. Uji ulifika Novemba.

Mambo ambayo msiyaache:

Mahindi yakauke vizuri, yakae juu ya vichaga mbali na ukuta, na yasichanganywe na yaliyonyeshewa. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na ugonjwa uliotokana na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi, na watu walipoteza maisha. Gunia lenye ukungu haliokolewi kwa kuoshwa wala kupikwa. Likataeni hata kama limetolewa na mheshimiwa.

Jiko nalo lifikiriwe mapema. Serikali imezielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na shule zimo. Kabla hamjajenga jiko la mafiga makubwa, pigeni hesabu ya gesi au mkaa mbadala. Mfadhili wa mara moja anafaa hapa kwenye sufuria, jiko na stoo, na wazazi wabebe nafaka ya kila mwaka. Tukigeuza, mfadhili alete nafaka na wazazi wasubiri, siku akiondoka sufuria zinageuka matangi ya maji.

Mpishi alipwe na afya yake ipimwe. Na mtoto ambaye mzazi wake hakutoa anakunywa uji kama wengine. Kiasi chake kikadiriwe tangu mwanzo, ili lisiwe jambo la kujadiliwa mlangoni mwa jiko.

12. Tukinunua simtanki, tatizo la maji litaisha?

Litapungua. Piga hesabu: watoto 1,000, lita mbili tu kila mmoja kwa kunywa na kunawa, ni lita 2,000 kwa siku. Tangi la lita 5,000 linakauka siku ya tatu kabla ya saa sita. Mvua ya Dodoma, takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, ikinyeshea bati la mita za mraba 100 inaweza kukupa zaidi ya lita 40,000 ukiwa na mifereji mizuri, lakini yote inakuja ndani ya miezi michache, na tangi likijaa yanayozidi yanapotea.

Kwa hiyo mfereji na tangi ni nyongeza. Mzizi ni kuunganishwa na DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na kujua nani atalipa ankara. Nimeona bomba jipya likikatwa ndani ya miezi mitano. Mtu akikuuliza ni msaada gani mzuri usio na jina, mwambie ni kulipa ankara ya maji ya shule kwa mwaka mzima.

13. Vyoo vinatosha vingapi, na vipi kuhusu wasichana?

Kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 600 na wavulana 600 inatakiwa matundu 30 na 24. Nenda ukahesabu, kisha ondoa yale ambayo milango haipo.

Kwa wasichana wakubwa kinahitajika pia chumba chenye mlango unaofungika, maji ndani, na mahali pa kuchomea taulo zilizotumika. Taulo za kike zikabidhiwe kwa mwalimu wa kike anayesimamia, na zitoshe hadi muhula uishe. Za kufua na kutumia tena zinafaa pale tu ambapo maji yapo, ambayo inaturudisha swali la 12. Msichana anayekosa siku tatu au nne kila mwezi anaachwa nyuma kwenye hesabu bila mtu yeyote kumfukuza.

## Muda na ujuzi

14. Sina fedha, nina Jumamosi asubuhi. Naweza kufanya nini?

Kaa na mtoto asome kwa sauti, wewe unamsikiliza. Kwenye darasa la watoto mia, mtoto anaweza kumaliza wiki bila mtu mzima kumsikia akisoma hata sentensi moja, na wapo wanaofika darasa la nne wakikariri ukurasa kwa kuufuata wimbo wa wenzao. Funika picha, mwonyeshe neno katikati ya mstari, utajua.

Huhitaji cheti cha ualimu. Unahitaji uvumilivu, kadi za silabi ulizokata kwenye boksi, na kitabu chepesi. Anza na silabi za herufi mbili, ba na ma na ka, kabla ya zile nzito, nywa, mbwa, ng'o. Akikwama usimtajie haraka, hesabu hadi tano kimyakimya. Akimaliza, mwulize hadithi imehusu nini, kwa sababu kuna wanaosoma kila herufi sawasawa na maana isiwafikie. Watoto watano, dakika kumi kila mmoja, kila Jumamosi, muhula mzima. Bibi mmoja jirani yetu, muuza karanga, alikaa na wajukuu wa watu chini ya mwarobaini hivyohivyo. Mwalimu wao wa darasa la pili alikuja mwenyewe kuuliza anafanyaje.

Masharti ni mawili: mwalimu mkuu ajue na aridhie, na mkae mahali pa wazi penye mtu mzima mwingine. Viboko si kazi yako kamwe. Hata mwalimu hana ruhusa ya kuchapa anavyotaka, kanuni za mwaka 2002 zinaweka adhabu hiyo mikononi mwa mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi.

15. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Mnapokea wa kujitolea?

Ndiyo, na Dodoma ina bahati ya kuwa na vyuo vingi: UDOM, St John's, Mipango, CBE na vingine. Hisabati, sayansi na Kiingereza ndiko kwenye pengo. Lakini sema ukweli kuhusu ratiba yako. Ukiweza wiki sita, ahidi wiki sita. Watoto hawa wengi wameshaachwa na mtu fulani maishani, wakikuzoea kisha ukatoweka bila kuaga wanaumia kuliko unavyodhani. Barua ya chuo na kitambulisho vinahitajika, na masharti ya swali la 14 yanakuhusu.

16. Naweza kupiga picha nikikabidhi msaada?

Piga picha ya madawati. Sura za watoto zinahitaji ridhaa ya wazazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mtoto pia. Usimpige mtoto picha akiwa peku au akilia ili watu wakuonee huruma kwa niaba yake. Atakua, na picha itakuwepo.

## Mambo magumu

17. Wazazi hawaji kwenye mikutano. Tufanyeje?

Mikutano mingi huitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Kibarua akipoteza siku amepoteza chakula cha usiku. Jaribuni Jumapili alasiri. Ajenda iwe fupi, isomwe Kiswahili chepesi, na wazee wasalimiwe vizuri: "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, ikitolewa kwa kweli inafungua masikio kuliko kipaza sauti. Muhimu zaidi, kikao kianze kwa kueleza fedha za mara iliyopita zilifanya nini. Watu wetu hawachoki kutoa, wanachoka kutoa bila kuambiwa. Kama shule ina Umoja wa Wazazi na Walimu, UWAWA, wajumbe wa kila darasa wanaweza kupita nyumba kwa nyumba.

18. Tunashuku fedha za shule zimeliwa. Tuseme wapi?

Anzeni kwa kuuliza maandishi: risiti, leja, muhtasari. Mara nyingine ni uzembe wa kuandika, na unarekebishika. Kama majibu hayaeleweki, pelekeni kwa Kamati ya Shule, kisha Afisa Elimu Kata, kisha kwa Mkurugenzi. Kwa rushwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Msilipeleke jambo hilo kwenye kundi la simu la mtaa kabla hamjaona karatasi, jina la mtu likishachafuka halisafishwi na risiti iliyopatikana baadaye.

19. Kuna binti aliacha shule kwa sababu ya ujauzito. Bado ana nafasi?

Anayo. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurudi kwenye mfumo rasmi. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kumshikia mtoto na mtu wa kumsindikiza siku ya kwanza. Unaweza kuwa mmoja wa hao. Ikiwa ujauzito umetokana na ukatili, au mtoto yeyote yuko hatarini, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, na wajulishe ustawi wa jamii.

20. Na mtoto mwenye ulemavu anayefichwa ndani?

Zungumza na familia kwa upole kwanza. Mara nyingi si ukatili, ni woga na kukosa nauli. Afisa Elimu wa jiji anayeshughulikia elimu maalumu anaweza kueleza ni shule gani ina kitengo kinachofaa. Kwa wasioona ipo shule ya siku nyingi Buigiri, wilayani Chamwino, na kwa viziwi ipo hapa Dodoma. Kwa mwenye kigari, msaada unaoweza kuutoa wiki hii ni mteremko wa zege mlangoni mwa darasa na tundu moja la choo lenye nafasi.

21. Kampuni yetu inataka jina lake liandikwe ukutani. Inawezekana?

Kibao kidogo kwenye jengo mlilolijenga hakina ubaya, kikiafikiwa na kamati na halmashauri. Kuipaka shule nzima rangi za bidhaa, au kuuza bidhaa kwa watoto siku ya makabidhiano, kataeni hata kama shule ina shida.

22. Naishi Dar es Salaam, nilisoma pale miaka ya themanini. Nitasaidiaje nikiwa mbali?

Tafuta wenzako watatu wa darasa lenu ambao mmoja bado yuko Dodoma. Huyo awe macho yenu: aende shuleni kila mwezi, aone kitu kilichonunuliwa, apige picha ya risiti. Chagueni jambo moja la kubeba kwa miaka, kwa mfano ankara ya maji ya swali la 12 au karatasi za swali la 7. Mkija likizo Desemba shule imefungwa, kwa hiyo jitahidini angalau mara moja mje Julai, muhula wa pili ukiwa umeanza, mwingie darasani na mkae kwenye dawati la nyuma kipindi kizima.